Hesabu ya viwavi wachanga na kilo tano za majani

Viwavi wa hariri 20,000 walioamka usingizi wa pili wa kuvua ngozi hawafiki kilo moja. Ukiwapima bila majani utapata gramu 700, labda 800. Mteja amekuja na bodaboda kutoka Kakuyuni, nyuma amefunga kreti kubwa akidhani ataondoka na mzigo, nami namkabidhi treya ambazo mtoto wa darasa la tatu angezibeba bila kulalamika. "Sasa dada, ndio hawa tu?" Ndio hao tu. Wakitunzwa, kabla hawajaanza kufuma watakuwa na uzito wa kilo 90 hivi, na bwana huyo hatakuwa na muda wa kuniuliza maswali.

Anachonilipa si zile gramu 700. Ananilipa siku kumi za mwanzo. Watu wengi wanaotaka kuingia kwenye hariri huanza na bei ya vifukofuko, yale maganda ya uzi wa hariri anayojifumia kiwavi: kilo inauzwa ngapi, nani ananunua? Maswali hayo lazima yaulizwe kabla ya kuchimba shimo la kwanza la mforosadi, mti ambao majani yake ndiyo chakula cha viwavi hawa, sikatai. Lakini bei anapanga mwingine. Siku kumi za mwanzo ziko mikononi mwako, na ndizo zinazoamua kama kutakuwa na cha kuuza.

Kabla ya kuhamia huku Msabaha, Malindi, nilishika vitabu vya hesabu vya hoteli ya ufuoni. Msimu wa watalii ukiisha, mtu wa vitabu hoteli haulizi tu pesa zimetumika ngapi, anauliza zimetumika lini. Samaki akiharibika kwenye friji ni hasara ya samaki. Akiharibika baada ya kupikwa, kupambwa na kufikishwa mezani, ni hasara ya samaki, mafuta, gesi, mpishi na mgeni. Kiwavi wa hariri naye ni wa kuhesabiwa hivyo.

Maisha yake ya kula yana hatua tano, na kati ya hatua moja na nyingine analala kama siku nzima akivua ngozi. Hatua ya kwanza na ya pili, pamoja na usingizi wake, huchukua siku nane hadi kumi. Kasha moja la mayai 20,000 linataka kama kilo 400 za majani mwanzo hadi mwisho, kutegemea unavyoyapoteza. Katika hatua mbili za kwanza hata kilo tano hazifiki. Ya tatu bado ni kazi ya kikapu. Ya nne unaanza kutafuta mkokoteni. Halafu inakuja ya tano, wiki moja tu, nayo peke yake inamaliza zaidi ya asilimia 80 ya majani yote.

Weka sasa gharama hizo kwenye kalenda. Kiwavi akifa siku ya tano, amekufa na majani yasiyofika senti. Akifa siku ya ishirini na mbili, amekula karibu kila alichopaswa kula, amewachosha vibarua, amekalia nafasi ya mwenzake, na pengine amewaachia wengine ugonjwa. Na wengi wanaokufa siku ya ishirini na mbili walianza kufa siku ya tatu: kwa jani lililonyauka, kwa mikono isiyooshwa, kwa joto la kupanda na kushuka, kwa kulishwa wakati hawakupaswa kulishwa. Dalili huja umelipia kila kitu.

Kuna hasara nyingine ambayo haina hata maiti. Kiwavi aliyeanguliwa leo ana urefu wa milimita tatu, mweusi, mwenye vinyweleo, na uzito wake ni kama nusu ya miligramu. Ukisafisha kitanda chake kwa haraka unamtupa pamoja na vipande vya majani makavu. Hutaona. Utakuja kugundua kwenye mizani, mwishoni. Ukitupa viwavi 3,000 kwa njia hiyo, na hilo ni jambo la asubuhi moja tu ya uzembe, umetupa karibu kilo tano za vifukofuko. Kasha zuri hutoa kilo 30 hivi, wakati mwingine zaidi. Kwa bei yoyote unayoijua wewe, hizo tano si haba.

Ndiyo sababu nikaanza kulea kwa niaba ya wengine. Wazo si langu. Kule India, jimbo la Karnataka, kazi hii wameigawa zamani: kuna vituo ambavyo havifanyi lolote ila kuangua mayai na kulea wachanga, wao wanaita chawki, kisha mkulima anachukua viwavi waliokwisha kulala mara mbili, anawalisha mpaka wafume, na anapeleka vifukofuko mnadani Ramanagara. Wajapani nao waliwalea wachanga kwa pamoja kwenye vyama vya ushirika, wakafika hadi kuwapa chakula cha kutengeneza chenye unga wa majani ya mforosadi ndani yake. Nilipoelewa mpangilio huo niliuona kwa jicho la mtu wa vitabu: kazi ya wachanga haiongezeki kwa kadiri ya wachanga.

Nitafanya hesabu ya mfano, kwa namba nyepesi ambazo utazibadilisha na za kwako. Kibarua wa saa nane, shilingi 500. Kasha moja la wachanga linakula saa mbili kwa siku: kuchuma majani laini ya juu, kuyakata, kulisha asubuhi, mchana na jioni, kufunua, kufunika, kusafisha. Siku kumi ni saa 20, yaani shilingi 1,250 za jasho. Wakulima watano, kila mtu kwake, ni 6,250. Makasha hayo matano yakiwa kwenye chumba kimoja hayataki saa kumi kwa siku. Yanataka nne, maana kisu kikishanolewa kimenolewa, dawa ya kuoshea chumba ni ile ile, na kipimajoto kinasomwa mara moja kwa wote. Saa 40, shilingi 2,500. Zimeokolewa 3,750.

Nikimtoza kila mmoja 1,000 mbali na bei ya mayai, mkulima amebakiwa na 250 pamoja na usingizi wake. Kwangu zinaingia 5,000. Toa vibarua 2,500. Toa chokaa, klorini, karatasi ya nta na maji, tuseme 1,000. Nabaki na 1,500 kwa siku kumi. Hiyo si biashara, hiyo ni sadaka yenye risiti.

Peleka makasha kuwa 20. Kazi inakuwa saa nane kwa siku, vibarua 5,000. Vifaa, 2,500. Mapato 20,000. Zinabaki 12,500 na majani yaliyotumika ni kilo 100, ambayo bustani yangu ndogo inayatoa bila kulia. Hapo mtu anaweza kusema ana kazi. Lakini geuza karatasi uangalie upande wa pili: makasha 20 yakiondoka kwangu yanakwenda kudai tani nane za majani kwa watu wengine, wiki mbili zinazofuata. Biashara yangu haikui kwa miti yangu. Inakua kwa miti ya wateja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko ugonjwa wowote.

Hapo hapo nitie neno juu ya ahadi moja ninayoisikia kila semina. Wanasema ukinunua viwavi waliokwisha lelewa, banda lako linakuwa huru siku kumi zaidi, kwa hiyo utavuna mara nyingi kwa mwaka. Ni kweli kwa banda. Mforosadi haukusikia ahadi hiyo. Mti ukikatwa unataka miezi miwili na zaidi kabla haujabeba tena majani ya kulisha kasha zima, na huo ni mti unaomwagiliwa na kuwekwa samadi. Mwenye shamba moja akiongeza mikupuo ya kulea atawalisha viwavi majani machanga yasiyo na nguvu, kisha aje kuniambia niliwauza wagonjwa. Karnataka wanagawa shamba mara mbili, huku wanavuna, kule mti unapumzika. Mtu wa kando ya mto Sabaki mwenye pampu anaweza. Mtu wa Ganda anayesubiri masika na vuli asidanganywe.

Malindi tuna bahati nusu. Kiwavi mchanga anataka joto la nyuzi 26 hadi 28 na unyevunyevu wa asilimia 80 hadi 90. Ukisoma hivyo utadhani aliyeandika alikuwa amekaa barazani kwangu mwezi wa Juni. Wenzetu wa bara, huko kwenye miinuko ya Thika na kwingine, wanawasha jiko usiku wa Julai ili chumba cha wachanga kisiwe friji, na makaa wanayanunua. Mimi wakati wa kusi silipi joto. Naweka karatasi ya nta chini na juu ya kitanda, pembeni nazungusha vipande vya sponji iliyoloweshwa, na hewa ya bahari inafanya iliyobaki. Gharama ya nishati: sifuri. Kwenye kitabu cha mapato na matumizi mstari mzima umefutika.

Nusu nyingine ni hii: kiwavi aliyekomaa anataka kinyume. Nyuzi 24 au 25, unyevunyevu wa asilimia 70, na hewa ipite. Hapo pwani inakuwa mama mkwe. Wateja wangu wenye mabanda ya mabati wanajua ninachosema. Bati saa nane mchana linapika viwavi wakiwa hai. Wenye nyumba za mawe na makuti juu, madirisha pande mbili, upepo wa kusi ukipita, wanafika salama. Kwa hiyo sisi ni walezi wazuri na wamaliziaji wa shida, na mpango wowote wa pesa lazima uanzie hapo. Kuanzia Januari mpaka mvua zianguke sichukui oda. Kaskazi ikikolea, joto la mchana linapita nyuzi 30, jani linanyauka kati ya mti na kisu, na hakuna bei itakayolipa hasara hiyo. Katikati ya masika pia napunguza, maana majani mabichi ya mvua na chumba kisichokauka ndiyo nyumba ya ukungu na magonjwa ya virusi.

Sumu ndiyo gharama ambayo haimo kwenye vitabu vya bara, walau si kwa namna ya huku kwetu. Nani Malindi analala bila kupambana na mbu? Dawa za kupuliza na zile koili za kuchoma zina viini vinavyoua viwavi wa hariri kwa kiasi ambacho pua yako haikisikii. Jirani akipuliza chumbani kwake magharibi, na upepo unatoka kwake kuja kwangu, nimekwisha. Nimewanunulia majirani wa pande mbili vyandarua. Niliviandika kama gharama ya uzalishaji, na ningependa kumwona mkaguzi atakayebisha.

Mwarobaini nao. Ni mti wetu, tunauchemsha, tunaupigia mswaki, tunachoma majani yake kufukuza wadudu, na hauko ua usiokuwa nao. Ile dawa iliyomo ndani yake inavuruga wadudu wakati wa kuvua ngozi, na maisha yote ya kiwavi wa hariri ni kuvua ngozi. Kikapu kilichobebea majani ya mwarobaini hakibebi ya mforosadi kwangu, na moshi wake marufuku. Tumbaku pia. Kuna mzee, rafiki wa marehemu baba, hupita asubuhi kunijulia hali, na ugoro haumtoki mdomoni. Siku ya kwanza alitaka kushika treya atazame.

"Shikamoo baba. Samahani, mikono."

"Marahaba. Mikono yangu ina nini, mwanangu? Nimetia udhu sasa hivi."

"Ina tumbaku, baba. Hawa wanakufa kwa harufu ya tumbaku."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema basi wana akili kuliko yeye. Tangu siku hiyo anasimama mlangoni, na ndoo ya kunawia iko hapo hapo nje, na beseni la kukanyagia lenye maji ya klorini kabla ya kuingia. Wanaoniona ninajivuna na mlango wangu waendelee kuniona hivyo.

Kinga ya sisimizi ni ya bure: kila mguu wa kichanja umesimama ndani ya kopo la maji yenye povu kidogo la sabuni. Mjusi kafiri ni vita nyingine, makuti ndiyo kwao, na dawa yake ni dari ya chandarua.

Sehemu ya kazi hii ambayo haiwezi kuachiwa kibarua mgeni ni usingizi. Kiwavi anapokaribia kulala anaacha kula, ngozi inang'aa na kuvutika, anajishika kwenye jani kwa miguu ya nyuma na kuinua kichwa, akabaki hivyo kama anasikiliza. Usipojua utadhani wamekufa wote. Wanapofikia tisa kati ya kumi wameinua vichwa, unaondoa karatasi ya juu, unaondoa sponji, unachekecha chokaa nyepesi juu yao ili kitanda kikauke, na hulishi. Usingizi wa kwanza ni kama saa 20, wa pili karibu siku nzima. Halafu wanaanza kuamka, mmoja mmoja, vichwa vikubwa, rangi imepauka, na wanazunguka wakitafuta.

Hapa ndipo wifi yangu na mimi hugombana kila mkupuo. Yeye ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko sote, anawahamisha wachanga kwa unyoya wa kuku bila kumkwaruza hata mmoja. Lakini ana huruma.

"Wifi, hawa wameamka tangu alfajiri. Wana njaa."

"Wangapi?"

"Nusu. Zaidi ya nusu."

"Basi wangoje nusu nyingine."

"Wewe hujazaa mapacha ndiyo maana."

Wanangoja. Ukiwalisha nusu walioamka mapema, wanatangulia mlo mmoja, na mlo mmoja wa leo ni nusu siku kwenye usingizi ujao, na siku nzima au mbili wakati wa kufuma. Mkulima anajikuta na kitanda ambacho wengine wanafuma, wengine wanakula, wengine wamelala juu ya jani bichi linalovunda. Anakata majani kwa ajili ya wachache na nusu yake inatupwa. Katika zile kilo 400, hapo ndipo zinapovuja. Kwa hiyo ninapouza, bidhaa yangu hasa ni viwavi waliolala pamoja na kuamka pamoja. Uhai wenyewe hata wasiolingana huwa nao.

Kulingana huko kunaanza kabla hawajaanguliwa. Yai likikaribia linaonyesha nukta nyeusi upande mmoja, kisha lote linageuka rangi ya bluu ya moshi. Likionyesha nukta naliweka gizani, kwenye boksi lililofungwa karatasi nyeusi, siku mbili hivi. Walio tayari mapema wanazuiwa na giza, waliochelewa wanawafikia. Asubuhi ya tatu, kabla ya jua kupanda, nafungua kwenye mwanga na wanatoka karibu wote pamoja kabla ya saa nne. Gharama yake ni karatasi nyeusi. Hakuna kitu cha bei rahisi kama hicho katika shughuli yote hii.

Mayai yenyewe nanunua, na kila mara kuna mtu ananiuliza kwa nini nisibakishe nondo wachache watage. Jike mmoja anataga 400 au 500, si ungekuwa na kasha kwa nondo hamsini tu? Ungekuwa nalo. Lakini mayai mazuri ya kuuza hutokana na kuchanganya mbegu mbili, na ukitagisha watoto wa mchanganyiko huo, kizazi kinachofuata kinatoka kila mmoja na tabia yake. Hilo dogo. Kubwa ni ugonjwa wa pebrini, ambao mama anaurithisha ndani ya yai. Uliangusha hariri ya Ufaransa karne ya 19, hadi mwaka 1865 Louis Pasteur akatumwa kusini mwa nchi hiyo kuutafutia dawa. Alichoacha ni utaratibu: nondo jike akishataga, anasagwa na kutazamwa kwa darubini, akionekana na vimelea mayai yake yanachomwa. Mpaka leo vituo vya mayai vinafanya hivyo. Mimi sina darubini, kwa hiyo sina mayai. Kituo cha utafiti wa hariri cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Thika kipo kwa kazi kama hizo, na mayai 20,000 yana uzito wa gramu kumi na kitu. Nauli yake si hoja. Hoja ni asiyapakie mtu kando ya injini, wala kwenye mfuko mmoja na dawa ya mende.

Nikirudi kwenye pesa, tatizo langu kubwa ni mkopo. Mkulima anapata pesa akishauza vifukofuko, yaani mwezi mzima tangu achukue viwavi, au zaidi, kwa sababu hapa wanunuzi hawako mlangoni na inabidi vifukofuko vikaushwe kwanza. Kukausha si hiari. Usipomuua bundo, yaani kiwavi aliyejigeuza ndani ya kifukofuko, kwenye siku kumi hivi baada ya kufuma anatoka nondo na kutoboa, na uzi uliokuwa mmoja wa mita elfu moja unakuwa vipande. Vikikauka vinabaki theluthi ya uzito au zaidi kidogo, jambo zuri kwa nauli, lakini mwenye navyo bado hajalipwa na anataka mimi ningoje. Kuna mmoja alichukua kwa ahadi, akawaweka chumba kimoja na magunia ya mahindi yaliyotiwa dawa ya wadudu, walipokufa akanitumia ujumbe kwamba bidhaa ilikuwa mbovu na halipi. Tangu hapo ni nusu kabla ya mayai kuagizwa, nusu siku ya kuchukua, kwa M-Pesa, viwavi wakiwa bado mezani kwangu. Tunachukua viwavi mia, tunawapima mbele yake, kwa hatua hiyo wanakuja gramu tatu na nusu au nne, tunazidisha, tunaandika. Akitoka hapo ni wake.

Watu wa Gede hawasumbui kwa hilo. Wao tangu 1993 wanafuga viwavi wa vipepeo kwenye mradi wa Kipepeo, pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na mabundo yanapelekwa ng'ambo yakiwa hai. Mtu aliyewahi kuuza bundo anajua kwamba mdudu hai ana saa yake, anapokelewa siku hiyo, anahesabiwa siku hiyo, na hadithi baada ya hapo hazina mwenyewe. Mteja wangu bora ni mama mmoja wa huko. Alipokuja mara ya kwanza hakuuliza bei. Alifunua karatasi ya nta, akainama, akatazama kama wamelingana.

Huwa nasikia pia watu wakisema hariri si mambo yetu. Wareno waliopita pwani hii karne ya 16 waliandika juu ya vitambaa vya hariri vya kisiwa cha Pate, kwamba vilifumwa huko na kuuzwa kwa faida miji mingine. Nyuzi zililetwa na majahazi, vitambaa vya nje vikifumuliwa na kufumwa upya. Ufumaji tulikuwa nao. Tulichokosa ni kiwavi, na kwa kiwavi nadhani nimeshaeleza shida iko wapi.

Mkupuo unaokuja utaanguliwa masika yakishatulia. Nafasi ni makasha 12 na sita yamekwisha lipiwa nusu. Anayetaka anitumie mahali shamba lake lilipo, si picha ya banda. Nitakuja mwenyewe na wifi, tutahesabu miti, tutachuma tawi moja na kupima majani yake, na tutauliza mara ya mwisho ilikatwa lini. Miti ikitosha nusu kasha nitauza nusu kasha. Wa Mambrui na ng'ambo ya Sabaki waje kuchukua kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na treya zilizooshwa na kuanikwa, na dereva asiyevuta sigara.